Sanduku la Msafiri Mbele ya Forodha

Siku hizi si ajabu kijana wa kijijini kwenda Ulaya kusoma, au mzazi kwenda kumtembelea mwanawe aliyeko huko. Jamaa wote hukusanyika kufunga mzigo. Bibi huleta samli, shangazi nyama iliyokaushwa juu ya moto, mjomba chupa ya asali. Upendo huo ni mwema, lakini baadhi ya vitu hivyo vitaishia katika pipa la taka la forodha.

Tuchukue safari ya Roma. Italia imo katika Umoja wa Ulaya, nao umoja huo una sheria zake kwa msafiri atokaye Afrika. Wengi hudhani kwamba kila kitu huruhusiwa mradi kiwe kidogo. Sivyo. Nyama haipiti hata kipande kimoja, wala maziwa, wala samli. Sababu yake ni maradhi ya wanyama, kama ugonjwa wa miguu na midomo na homa ya nguruwe, ambayo vijidudu vyake huweza kusafiri ndani ya nyama na kufika katika mazizi ya watu. Maziwa ya unga ya mtoto mchanga yaruhusiwa, yakiwa ya dukani katika kopo lake, yasizidi kilo 2.

Asali hupita mpaka kilo 2. Samaki wamewekewa kilo 20. Basi shangazi na aweke dagaa wakavu badala ya nyama. Matunda yana ajabu yake: tangu Desemba 2019 ndizi, nanasi, nazi na tende huingia bila cheti, lakini embe moja tu lahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka kwa wakaguzi wa serikali. Na bangili ya pembe ya ndovu, hata ikiwa ya urithi, iacheni nyumbani kabisa. Yaweza kumfikisha mtu mahakamani.

Zawadi nyingine kwa aendaye kwa ndege zisizidi thamani ya euro 430. Hapa wengi hunaswa. Kitu kimoja hakigawanyiki: kikiwa cha euro 500, ushuru hutozwa juu ya zote 500, si juu ya zile 70 zilizozidi. Wala mume na mke hawawezi kuunganisha haki zao kwa kitu kimoja.

Uwanjani kuna njia mbili, ya kijani na nyekundu. Apitaye ya kijani amekwisha kusema kwamba hana cha kulipia, na akikutwa nacho atatozwa faini. Mwenye shaka apite nyekundu aulize. Si njia ya wezi, kama wengine wanavyoogopa.

Katika kurudi, nguo na vyombo vyako ulivyokwisha kutumia havitozwi. Vitu vipya huhesabiwa. Mwaka 2023 Wakenya walinung'unika sana walipokumbushwa kikomo cha dola 500. Kiasi hiki hubadilika, kwa hiyo ulizeni kabla ya kununua, na tunzeni risiti. Aondokaye na kamera au kompyuta mpya achukue risiti yake pia, asije akadhaniwa ameinunua huko.

Arudiye Tanzania asifunge zawadi katika mifuko ya plastiki ya kubebea. Imekatazwa tangu tarehe 1 Juni 2019, naye ataambiwa aiache pale pale uwanjani.