Duka Lisilo na Mlango

Mtu aliyeazimia kufanya biashara katika Dar es Salaam, ikiwa hana urithi wa duka wala jamaa wa kumtangulizia mtaji, hukutana na kikwazo cha kwanza kabla hajanunua hata doti moja ya kanga, nacho ni fremu. Maana mwenye nyumba ya barabarani pale Sinza, Mwananyamala au Mbagala Rangi Tatu aghalabu hapangishi kwa mwezi, bali hutaka kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima mkononi, na fedha hiyo ikishalipwa, mtaji uliosalia haujazi hata rafu mbili. Ndiyo sababu katika jiji hili, ambalo sensa ya mwaka 2022 ililihesabia watu 5,383,728, na ambalo limetanuka hata Bunju kwa kaskazini na Chamazi kwa kusini, vijana wengi, na wanawake zaidi ya wanaume kwa nionavyo, wamelihamishia duka ndani ya simu. Mzigo huchukuliwa Kariakoo asubuhi na mapema, hupigwa picha ukiwa umetandazwa kitandani au umetundikwa mlangoni mwa chumba cha kupanga, na kabla ya adhuhuri wateja wa Kimara na wa Kigamboni wamekwisha kuuona.

Lakini kodi ile ya fremu, tukiichunguza vizuri, ilikuwa ikinunua pia itibari, ambayo mnunuzi huisoma bila kujijua. Muuzaji aliyefungua mlango wake mahali pale pale kwa miaka mitatu, anayejulikana na balozi wa nyumba kumi, na muuza chipsi wa jirani, na fundi cherehani wa barazani, hawezi kuuza kitambaa kinachochuja rangi kisha akatoweka, kwa sababu aibu yake ina anwani. Simu imemwondolea mchuuzi kodi, na pamoja na kodi imemwondolea dhamana hiyo. Kwa hiyo anajikuta na kazi ambayo mwenye fremu hakuwa nayo, yaani kuijenga itibari upya kila siku, kwa picha na maneno, machoni pa mtu asiyemjua. Zana anazozitumia, awe amezisoma chuoni au amezigundua kwa kujaribujaribu, ni zile tabia za nafsi ya binadamu ambazo wataalamu wa saikolojia wamekuwa wakizipima tangu katikati ya karne iliyopita.

Iliyo wazi kuliko zote ni tabia ya kufuata halaiki. Stanley Milgram na wenzake wawili, katika jaribio walilolichapisha mwaka 1969, waliwasimamisha watu wao katika barabara moja ya New York yenye pilikapilika, wakawaagiza wainue macho kulitazama dirisha la ghorofani. Alipotazama mtu mmoja peke yake, wapita njia 4 tu katika kila 100 walisimama naye. Walipotazama watu 15, waliosimama walifika 40 katika kila 100. Wachuuzi wa Kariakoo hawakumhitaji Milgram: mwenye kumwaga viatu vya mtumba juu ya turubai hutanguliza vijana wake wawili watatu wanaojifanya wateja, wachague, wapime, wabishane bei kwa sauti, hata mpita njia wa kweli aingiwe na wahaka kwamba asipofanya haraka vizuri vitaisha.

Vijana hao nao wamehamia mtandaoni, ila wamebadili sura. Fungua status ya muuza madera wa Mbagala siku ya mzigo kuingia, nawe utaona kwamba baada ya picha mbili tatu za madera yenyewe hufuata picha isiyo na dera hata moja: vifurushi sita vya nailoni nyeusi vimepangwa sakafuni, na kila kimoja kimebandikwa karatasi yenye jina la mteja, mkoa kinakokwenda na jina la basi. Kisha huja picha ya ujumbe wa M-Pesa, kiasi kimeachwa kionekane na jina la mtumaji limepakwa rangi kwa kidole, na mwisho huja mazungumzo ya mteja wa Dodoma anayesema, "Dada mzigo nimeupata, kitambaa kizito kama ulivyosema, Mungu akuzidishie." Muuzaji huyu hajasema neno hata moja la kuisifu bidhaa yake. Amewaonyesha watu 15 wanaotazama dirishani, na kwa maoni yangu amefanya tangazo bora kuliko mengi yanayobuniwa na makampuni yenye ofisi za kioo. Ningemwonya kwa jambo moja tu, kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, haimsamehe mtu kwa sababu biashara yake ni ndogo; jina, namba na maneno ya mteja ni mali ya mteja, na ruhusa yake huombwa kabla, si baada ya malalamiko.

Wapo wanaoona njia hii ni ndefu, wakanunua wafuasi kama mtu anunuavyo mkaa, kwa gunia. Hadaa hii haidumu. Ukurasa wenye wafuasi laki moja, ambao picha zake hupata maoni mawili, na moja kati ya hayo ni la mwenye ukurasa, hujishitaki wenyewe mbele ya mnunuzi wa leo, ambaye amekwisha kutapeliwa mara moja au amemsikia dada yake akitapeliwa.

Jambo gumu zaidi kulieleza ni bei. Katika masoko yetu yote, bei ndilo neno la kwanza kutamkwa, na mchuuzi wa Tandika huipaza hata sauti ikamkauka. Ilhali mchuuzi yule yule akiingia Instagram huweka picha nzuri, akataja rangi na saizi, kisha mahali pa bei akaandika "njoo inboksi". Wateja hulalamika, wengine hutukana, na ada hii haikomi. Nami sidhani kama hudumu kwa ujinga wa wauzaji.

Sababu iliyo karibu ni ya mitambo yenyewe. Programu hizi hupendelea kumsogezea msomaji kile kinachozungumzwa, na watu ishirini wakiuliza bei, na kila mmoja akajibiwa, picha imekwisha kupata maoni arobaini bila senti moja ya tangazo. Sababu nyingine ni ya ujirani: wachuuzi kumi wa Kinondoni huchukua mkoba ule ule katika duka lile lile la Kariakoo, na anayeandika bei yake hadharani saa tatu asubuhi atakuta saa nne mwenzake ameishusha kwa elfu mbili. Yapo na mambo yasiyosemwa, kwamba picha ya wajihi wa mteja hutazamwa kwanza, na mwenye kupiga picha kando ya gari hutajiwa bei yake, na mwenye picha ya ua waridi hutajiwa nyingine.

Hata hivyo, nguvu kubwa ya inboksi iko katika nafsi ya anayeingia humo. Mwaka 1966 Jonathan Freedman na Scott Fraser walichapisha uchunguzi ambamo waliwaomba wenye nyumba wa California kusimamisha uani kibao kikubwa, kisichopendeza, cha kuwahimiza madereva waende kwa uangalifu. Walioombwa kibao hicho moja kwa moja, chini ya 20 katika kila 100 walikubali. Lakini wale ambao majuma mawili kabla walikuwa wamekubali kubandika kikaratasi kidogo chenye ujumbe wa namna ile ile, waliokubali walikuwa 76 katika kila 100. Mtu aliyekwisha kufanya tendo dogo hutaka matendo yake yafanane, na tendo la kwanza humvuta kwenye la pili. Kuingia inboksi ni kikaratasi kile: mteja amekwisha kusalimu, ameulizwa anakaa wapi na anapenda rangi gani, ameitwa mpenzi na kipenzi, na sasa ametajiwa bei inayozidi aliyoitarajia. Sokoni angegeuka akaenda zake katikati ya watu. Humu jina lake na sura yake vinatazamwa, na kwa mtu aliyelelewa Pwani, kuuliza sana kisha kuondoka bila kununua ni jambo lenye haya ndani yake. Ama atanunua, ama ataandika "nitakutafuta jioni", na hatamtafuta.

Hukumu yangu ni kwamba hila hii huleta mauzo ya leo na kufukuza ya kesho. Mnunuzi wa Tandale aliyehesabu shilingi zake kabla ya kufungua bando haingii inboksi hata kidogo. Anapita, na muuzaji hatajua kamwe ni wangapi waliopita, kwa maana asiyeuliza hahesabiwi. Na yule aliyenunua kwa haya, akirudi nyumbani akakuta shoga yake alitajiwa bei pungufu kwa kitu kile kile, kinyongo chake hakitakwisha, tena atakieneza.

WhatsApp ina tabia tofauti, na ndiyo, kwa dhana yangu, inayolisha nyumba nyingi zaidi uswahilini, japokuwa wasomi wa masoko huizungumzia kidogo. Status, ambayo katika sura yake ya sasa ya picha na video ilianza mwaka 2017, huonekana na wale tu waliohifadhiana namba, na hutoweka baada ya saa 24. Kwa sharti hilo la kuhifadhiana, anayeitazama ni mzazi wa shule moja, mwanachama wa kikoba kimoja, mjumbe wa kamati ya harusi iliyokwisha mwaka juzi. Itibari iliyotoroka pamoja na fremu imerudi kwa mlango wa nyuma. Hata orodha ya waliotazama ina kazi yake: muuzaji anajua kwamba Mama fulani ameliona jungu la sufuria mara tatu wiki hii, na Mama huyo anajua kwamba anajulikana, wakikutana kituo cha daladala itabidi walitaje.

Kutazama bila kununua si hasara. Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba watu huanza kukipenda kitu kwa kule kukiona mara kwa mara tu, hata kiwe ni neno lisilo na maana au herufi za Kichina kwa asiyezijua. Mteja anayepita juu ya picha za sabuni ya kienyeji kila asubuhi kwa miezi miwili hadhani kwamba anashawishiwa; lakini siku sabuni inapokwisha bafuni, jina moja humjia kabla ya mengine. Lakini kuna mpaka: anayebandika picha hamsini kwa siku hunyamazishwa kimyakimya, na programu haimwambii.

Ushawishi wa watu mashuhuri una njia nyingine. Donald Horton na Richard Wohl waliandika mwaka 1956, katika enzi ya televisheni changa, juu ya mazoea ya upande mmoja, ambapo mtazamaji humjua mtangazaji kama ndugu, na mtangazaji hajui kama mtazamaji yupo. Simu imeyazidisha maradufu mazoea hayo, kwa sababu msanii sasa huonekana akiwa jikoni, akigombana, akilia. Diamond Platnumz, mtoto wa Tandale, alipoingiza sokoni karanga za pakiti mwaka 2017, hapakuwa na upungufu wa karanga mjini; zilikuwa zikiuzwa kila kituo cha basi. Watu walinunua kitu cha mtu wao. Mchuuzi mdogo asidanganyike akadhani naye akimpa gauni la bure nyota wa filamu atapata matokeo hayo, maana mashabiki wake humpenda nyota, gauni hawalioni; wala asijitie katika kiki za kugombana hadharani ili atajwe, kwani halaiki inayokusanywa na ugomvi hutawanyika ugomvi ukiisha, na mikoba inabaki pale pale.

Nitaje kwa ufupi na hali ya muuzaji mwenyewe. B. F. Skinner alithibitisha kwa njiwa wake kwamba chakula kinachokuja bila kujulikana kitakuja saa ngapi humfanya ndege adonoe bila kuchoka, kuliko kinachokuja kwa zamu. Oda za mtandaoni huja hivyo hivyo, na ninawaona wachuuzi wanaochungulia simu msibani, na usiku wa manane, wasiweze kusema walikuwa wakitafuta nini.

Hatari kubwa huzaliwa pale haraka inapoungana na halaiki mahali pasipo na fremu. "Zimebaki mbili", "ofa inakwisha saa sita usiku", "mkopo dakika tano bila dhamana": maneno haya yote hufanya kazi moja, nayo ni kumnyima mtu muda wa kuuliza. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Katika mikopo ya namna hii, mkopaji anayechelewa kulipa aghalabu hutangazwa kwa watu wote walio katika kitabu cha namba cha simu yake, na hivyo aibu ile ile iliyokuwa dhamana ya mwenye fremu imegeuzwa fimbo ya kumchapia mteja.

Kwa mnunuzi wa ndani ya jiji dawa ni rahisi, kwa kuwa bodaboda huleta mzigo mlangoni, na fedha hutoka baada ya macho kuridhika. Mnunuzi wa mikoani hana nafasi hiyo. Yeye hulipa kwanza, kisha husubiri basi litokalo Kituo cha Magufuli pale Mbezi. Huyo na aombe video ya bidhaa yenyewe badala ya picha iliyookotwa, na alitazame jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuingiza namba ya siri, kama ni la biashara aliyoambiwa au la mtu mwingine kabisa. Na ikiwa amekwisha kuibiwa, asikae kimya kwa haya: namba ya tapeli hutumwa kwenda 15040, iliyotengwa kwa kazi hiyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.