MBAMBA NGOMA: MTI UCHANUAO KABLA YA MVUA

Mwishoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa zimekauka na miti mingi ikiwa haina hata ua moja, uko mti mmoja wa porini uonekanao kutoka mbali kana kwamba umewashwa moto. Majani yake yamepukutika, lakini ncha za matawi zimejaa maua mekundu. Mti huo ni mbamba ngoma. Wakikuyu huuita muhuti, Wakamba muvuti, Waluhya murembe, na Wajaluo orembe. Jina lake la Kiswahili latukumbusha kazi ya kuwamba ngoma, kwa maana mti wake ni mwepesi, nao huchongwa ngoma na mizinga ya nyuki.

Huenda msomaji akauliza, mti huu wapata faida gani kwa kuchanua wakati wa ukame? Faida ni hii: maua yasiyofunikwa na majani huonekana upesi na ndege. Chozi, yule kidege mwenye mdomo mwembamba uliopinda, huja kunywa maji matamu yaliyomo ndani ya ua, na unga wa maua humshika kichwani akaupeleka kwenye mti mwingine. Hivyo mti hupata kuzaa mbegu. Na kwa kuwa wakati huo chakula cha namna hiyo ni haba, kuukata mbamba ngoma ni sawa na kufunga ghala siku za njaa. Tena chozi huwalisha makinda wake wadudu, na mkulima yeyote ajua hasara iletwayo na wadudu.

Kuupanda hakuna gharama. Njia iliyo rahisi ni kukata fimbo nene kama mkono wa mtu, yenye urefu wa futi tano au sita, kabla mti haujaanza kutoa majani mapya. Iache kivulini siku chache ili kidonda kikauke, kwa maana fimbo mbichi huoza upesi ardhini. Mvua ikikaribia, isimamishe katika shimo la futi moja na nusu, ukashindilie udongo vizuri. Usigeuze juu kuwa chini. Chagua mahali penye jua, pasipotuama maji. Watu wengi wamefanya ua wa boma kwa fimbo hizo, nazo huota na kuwa miti.

Atakaye kupanda mbegu na azikwaruze kwa tupa au jiwe upande ule mwekundu, asiguse sehemu nyeusi, kisha azilowe majini usiku kucha. Zisipokwaruzwa huchelewa sana kuota, kwa sababu ngozi yake ni ngumu. Mizizi ya mti huu ina vifundo vinavyoongeza rutuba ya udongo, kama ilivyo mizizi ya kunde.

Lakini yapasa kuangalia sana jambo moja. Mbegu hizo nyekundu zenye doa jeusi ni nzuri kwa macho, na watoto hupenda kuzitunga shanga. Ndani yake mna sumu inayolegeza misuli ya mwili. Mbegu nzima ina ngozi ngumu inayozuia sumu isitoke. Ila ikitafunwa, ikisagwa au ikitobolewa, hatari ni kubwa. Wazazi wawaonye watoto, na wafagie mbegu zilizoanguka uani. Mtoto akitafuna mbegu, apelekwe hospitali mara moja, wala asingojewe mpaka augue.

Neno la mwisho ni juu ya magome. Watu wengi huyachuna kwa ajili ya dawa. Mti uliochunwa pande zote hufa, hata ukiwa mkubwa namna gani. Basi mwenye kuukata au kuuchuna mmoja, na asimamishe fimbo mbili mahali pake kabla ya mvua kuanza, ili chozi wakirudi kiangazi kijacho wasikute matawi makavu tu.