Windows 10 na kalenda ya Arua

Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya bure ya usalama kwa Windows 10, mfumo iliouingiza sokoni Julai 2015. Hakuna kompyuta iliyozimika Arua kwa sababu hiyo. Vibanda vya kuchapa na kufotokopi viliendelea na barua za maombi ya kazi na mikataba ya viwanja, na Koboko wafanyabiashara waliendelea kupiga hesabu za mizigo iendayo Oraba na kuvuka hadi Sudan Kusini. Lakini kwa mafundi swali limebaki: tuhame sasa, tusubiri, au tukae tulipo?

Naamini tarehe ya kampuni ni sehemu ndogo tu ya hesabu. Kubwa zaidi ni kama kompyuta yako inapata marekebisho yoyote, na kompyuta nyingi za kwetu West Nile, Uganda, ziliacha kuyapata zamani. Bando lina gharama, na tangu 1 Julai 2021 serikali inatoza ushuru wa asilimia 12 juu ya data. Furushi moja la marekebisho ya mwezi huweza kula mamia ya megabaiti. Mtu anaunganisha laptopu na simu yake ili atume barua pepe moja, anakuta bando limekwisha, anampelekea fundi: nizimie hizi apdeti. Fundi anazima. Kwa kompyuta ile, ulinzi ulikoma siku hiyo, hata kama Windows 10 ilikuwa bado na miaka minne mbele yake.

Madhara ya kukosa marekebisho yalionekana duniani kote Mei 2017. Kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zaidi ya 150, na hospitali za Uingereza zikalazimika kurudisha wagonjwa nyumbani. Wengi walioumia walikuwa wakitumia Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa bado inahudumiwa. Dawa yake ilikuwa imetolewa Machi, miezi miwili kabla. Haikuwa imewekwa, basi.

Kuna wanaosema wao hawana wasiwasi kwa sababu kompyuta yao haiingii intaneti. Kwetu virusi havihitaji intaneti, vinakuja na fleshi. Fleshi moja inatoka shuleni, inapita kibandani kuchapa, inaingia ofisini, na kesho yake imevuka mpaka wa Vurra kwenda Aru na soko la Ariwara upande wa Kongo. Aliyewahi kufungua fleshi akakuta makabrasha yake yote yamegeuka njia za mkato anaujua ugonjwa huu. Hali huwa mbaya zaidi pale Windows yenyewe ilipokrekiwa, kwa kuwa programu nyingi za kukrekia humtaka mtu azime kwanza kinga ya virusi. Anafungua mlango kwa mkono wake, kisha anashangaa mafaili yamekwenda wapi.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza Windows 11 ni nzuri au mbaya, tazama mashine uliyonayo. Windows 11 inadai RAM ya gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel, kizazi cha nane kwenda juu, isipokuwa chache sana. Kizazi kinasomeka kwenye jina: i5-8250U ni cha nane, i5-6300U ni cha sita. Laptopu nyingi za mitumba zinazouzwa mjini, Dell na HP zilizostaafishwa na ofisi za Ulaya na Marekani, hukwama hapo. Lakini usikubali haraka ukiambiwa mashine yako haifai. Mara nyingine TPM ipo, ila imezimwa ndani ya BIOS, na kuiwasha ni kazi ya dakika chache. Mafundi wanazo pia njia za kuyaruka masharti haya. Mimi sizipendi, kwa sababu Microsoft haitoi ahadi kwamba mashine iliyoingizwa hivyo itaendelea kupata marekebisho, nayo ndiyo sababu ya kuhama.

Kisha kuna wakati wenyewe wa kuhama, na hapa ndipo kalenda yetu inapotofautiana na ya Microsoft. Wanafunzi wa A-level nchini Uganda huchagua kati ya hesabu ndogo (Sub-Math) na ICT, na mtihani wa ICT wa baraza la mitihani, UNEB, una karatasi ya vitendo inayofanywa kwenye kompyuta yenyewe. Msimu wa mitihani huanza Oktoba na kwenda hadi mwanzoni mwa Desemba. Mwalimu aliyeiacha maabara yake ilivyo Oktoba ile, mpaka mtoto wa mwisho alipokusanya kazi yake, alifanya sawasawa kabisa. Mtoto aliyezoea kitufe cha kuanzia pembeni kushoto hapaswi kukikuta katikati asubuhi ya mtihani. Likizo ya Desemba na Januari inatosha.

Umeme nao una neno lake. Hadi 2024 West Nile haikuwa kwenye gridi ya taifa. Tuliishi kwa jenereta za kampuni ya WENRECo na bwawa dogo la Nyagak, la megawati 3.5, lililoanza kazi mwaka 2012. Sasa laini kubwa imefika, lakini kuhamisha mfumo kwenye diski ya zamani inayozunguka huweza kuchukua saa kadhaa, na umeme ukikatika katikati mashine huweza kukataa kuwaka. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS, au laptopu ambayo betri yake imekufa, isianzishiwe safari hiyo mawingu yakiwa yametanda. Mafaili yanakiliwa kwanza kwenye diski ya nje. Na ukishahama, una siku 10 za kurudi Windows 10 ukiona mambo hayaendi. Katika siku hizo usifute lile kabrasha la mfumo wa zamani.

Asiyeweza kuhama bado ana njia. Microsoft ilifungua mwaka wa ziada wa marekebisho kwa watu binafsi hadi 13 Oktoba 2026: kwa dola 30, zaidi ya shilingi 100,000, leseni moja ikitosha kompyuta 10 za akaunti moja, au bure kwa kuhifadhi mipangilio ya kompyuta kwenye akaunti ya Microsoft. Kampuni ilitajiwa dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza. Shule ilitajiwa dola 1 tu, kupitia mawakala wa leseni, na nafuu hiyo wakuu wa shule wangefaa kuiulizia kabla ya kuamua kutupa mashine nzima.

Njia nyingine ni Linux. Ubuntu 24.04 na Linux Mint 22 zinahudumiwa hadi 2029, ni bure kihalali, na Mint ya Xfce huenda vizuri kwenye mashine ambazo Windows 11 inazikataa. Unaijaribu kutoka kwenye fleshi bila kugusa diski. Kasoro yake ni printa na mashine za fotokopi, ambazo nyingine hazina dereva, na barua ya Word ikifunguliwa LibreOffice mistari huweza kusogea.

Mashine ya kwanza kushughulikiwa iwe ile iliyobeba watu. Mashirika yaliyo kwenye makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, Imvepi na Lobule hutunza orodha za wakimbizi, namba zao za simu na hali za afya zao, na tangu 2019 Uganda ina sheria ya kulinda taarifa za namna hiyo. Laptopu hiyo haina sababu ya kungoja likizo. Inayofuata ni ile ya kupeleka kodi URA na kufungulia akaunti ya benki. Maabara ya shule isubiri mitihani iishe. Kompyuta ya kibandani ijaribiwe Linux siku yenye wateja wachache, printa ikiwa imeunganishwa. Printa ikigoma, mwenye kibanda abaki na Windows 10 yake, aiandikishe kwenye mwaka wa ziada, apime kila fleshi kabla ya kuifungua, na benki aiingie kwa simu.