Mgonjwa Karudi Nyumbani: Uangalizi Ndio Kwanza Waanza

Mgonjwa anaporuhusiwa kutoka hospitalini, nyumba hujaa furaha. Udi hufukizwa, jamaa na majirani huja kumjulia hali, na kila mtu hushukuru kwamba dhiki imekwisha. Lakini mara nyingine, hata wiki mbili hazijatimia, mgonjwa yuyo huyo hurudishwa wodini usiku akitweta.

Nchini Marekani jambo hili limechunguzwa sana. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009, uliohusu watu walio katika bima ya serikali iitwayo Medicare, wengi wao wazee, ulionyesha kwamba karibu mmoja katika kila watano waliotoka hospitalini alilazwa tena kabla ya siku 30. Kati ya waliokuwa wametibiwa bila ya upasuaji wakarudi, nusu hawakuwa na kumbukumbu ya kuonana na daktari tangu walipotoka. Kuanzia Oktoba 2012, hospitali ambazo wagonjwa wake hurudi kupita kiasi hupunguziwa malipo.

Pengo basi li baina ya mlango wa hospitali na mlango wa nyumba, na aghalabu ni sisi akina mama tulisimamialo.

Chukua mfano wa bibi mwenye udhaifu wa moyo. Ameandikiwa dawa za kupunguza maji mwilini. Kabatini mna dawa za zamani, jina mbali lakini kazi moja. Bintiye, kwa huruma, humpa zote. Wageni nao huleta achari na samaki wa ng'onda, ilhali chumvi huzuia maji mwilini. Miguu yafura, usiku hawezi kulala ila kwa kuegemezwa mito, na wote wadhani ni uchovu tu.

Kabla ya kutoka wodini, tuulize: Dawa zipi aendelee nazo, na zipi aache? Ale nini, na aepuke nini? Dalili zipi ni za hatari, na tumpigie nani simu? Siku gani ataonekana tena? Ikikaribia Ramadhani, je, aweza kufunga? Kisha tumrudilie muuguzi kwa maneno yetu yale tuliyoelezwa, ili atusahihishe papo hapo.

Mwenye moyo dhaifu apimwe uzito kila asubuhi. Ukipanda kwa kilo 2 katika siku chache, asingoje tarehe ya kliniki.

Mgonjwa ni amana. Kumpokea kwa udi ni wema. Kuijua dawa yake ni wema zaidi.