Timu Ikifungwa, Nani Alaumiwe?



Hapo Mfaranyaki, mjini kwetu Songea, yupo kinyozi ambaye kibanda chake hujaa watu hata wakati hakuna anayenyolewa. Wengine huja kukimbia jua, wengine kusikiliza redio, lakini walio wengi huja kubishana habari za mpira. Jumamosi moja ya muhula huu nilikwenda kunyoa nywele. Nilipokuwa nangoja zamu yangu nilisikia ubishi ambao sijaacha kuufikiri. Nimeona yafaa niueleze katika gazeti letu kwa sababu mbili. Kwanza, unatufundisha jinsi sisi wanadamu tunavyotafuta mtu wa kumbebesha lawama. Pili, una deni langu mimi mwenyewe ndani yake, nalo nitalitaja baadaye.

Waliobishana walikuwa wapenzi wa Simba, na jambo lenyewe ni la zamani kidogo. Tarehe 5 Novemba 2023, katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, Yanga iliifunga Simba magoli 5 kwa 1. Siku mbili baadaye Simba ilitangaza kuachana na mwalimu wake, Mbrazili Roberto Oliveira, ajulikanaye zaidi kwa jina la Robertinho. Mwalimu wa mazoezi ya viungo naye aliondoka siku hiyo hiyo.

Kwa wazazi wasiofuata sana habari hizi, yafaa nieleze kwamba mtu huyo hakuwa mgeni wa ushindi. Alikuja Simba Januari 2023 akitoka Vipers ya Uganda. Machi mwaka huo Simba iliifunga Horoya ya Guinea magoli 7 kwa 0. Aprili iliifunga Yanga 2 kwa 0, na katika Ligi ya Mabingwa wa Afrika ikafika robo fainali, ikatolewa na Wydad ya Morocco kwa mikwaju ya penalti tu. Agosti ilitwaa Ngao ya Jamii mjini Tanga mbele ya Yanga hao hao, nayo kwa penalti. Oktoba ilitoka sare mara mbili na Al Ahly ya Misri. Ni kweli kwamba ligi ya msimu wa 2022/23 ilimaliza ya pili, nyuma ya Yanga. Hata hivyo, mtu mwenye sifa hizo aliondoka baada ya kipigo cha dakika 90.

Kijana mmoja wa bodaboda ndiye aliyeanza. Alisema, "Kosa ni la mwalimu, wala tusizunguke. Hadi mapumziko ilikuwa 1 kwa 1. Magoli manne yote yaliingia kipindi cha pili. Mwalimu wa Yanga alipata dawa wakati wa mapumziko, wa kwetu hakupata."

Kinyozi akasimamisha mashine yake. "Kijana, mwalimu hanunui wachezaji kwa fedha zake. Wanaosajili ni viongozi. Ukimpa mpishi unga wa dona, kisha ukamdai pilau, utamlaumu mpishi?"

Mama mmoja aliyemleta mwanawe kunyolewa akaingilia, "Na wachezaji je? Mbona hamwataji? Mwalimu hakupiga hata pasi moja siku ile."

"Lakini mama, yeye ndiye aliyewapanga," akajibu yule kijana.

Pembeni alikuwapo mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliyekuwa kimya muda wote. Akasema polepole, "Wanangu, mwazungumza kana kwamba Simba ilicheza peke yake. Yanga mmewaweka wapi?"

Watu wakacheka, lakini mimi sikucheka. Niliona kwamba wote wanne wamesema kweli, na kila mmoja ameshika kipande chake. Yanga ile ya msimu wa 2023/24 ilikuwa timu kali. Ilitwaa ubingwa kwa pointi 80, na katika Afrika iliondolewa robo fainali na Mamelodi Sundowns kwa penalti. Aliyefungwa na timu kama hiyo hafungwi kwa ujinga wake tu.

Je, twaweza kujua kila mmoja alaumiwe kiasi gani? Sisi watu wa Ruvuma tunalima mahindi, basi tutumie mfano wa shamba. Mavuno yakiwa haba, huenda mkulima alichelewa kupalilia. Huenda mbegu ilikuwa mbovu, mbolea ilichelewa, mvua ilikatika, au viwavi walivamia. Ukitazama shamba hilo moja tu hutajua. Lakini ukimtazama jirani mwenye mbegu ile ile na mvua ile ile, ukaona amejaza ghala, hapo una haki ya kumwuliza mkulima wako maswali. Na ukiona majirani wote wamekosa, muache mkulima wako, tazama mbingu. Njia ya kupima lawama, basi, ni kulinganisha.

Hebu tulinganishe. Jambo la kwanza ni kutazama shamba lile lile likipewa mkulima mwingine. Mwishoni mwa Novemba 2023 Simba ilimpata Abdelhak Benchikha wa Algeria. Tarehe 20 Aprili 2024 Yanga iliifunga tena Simba, safari hii 2 kwa 1, na kabla ya mwezi kwisha Benchikha naye akaondoka, akitaja mambo ya familia. Simba ilimaliza ligi ikiwa ya tatu. Ilipata pointi 69 sawa na Azam, lakini Azam ilikuwa na magoli mazuri zaidi, na zote mbili zilikuwa nyuma ya Yanga kwa pointi 11. Mkulima alibadilishwa, mavuno hayakuongezeka. Hapo maneno ya kinyozi yanapata nguvu.

Yule kijana wa bodaboda hakukubali. Alikumbusha kwamba Simba ilimchukua Fadlu Davids wa Afrika Kusini mwaka 2024, na Mei 2025 ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika na RS Berkane ya Morocco. Ni kweli, na si jambo dogo. Lakini msimu ule Simba ilisajili pia wachezaji wapya wengi. Mkulima na mbegu vikibadilishwa pamoja, hakuna awezaye kuapa ni kipi kilicholeta mavuno. Pengine ni vyote viwili.

Jambo la pili ni kumtazama mkulima yule yule katika nyakati mbili. Aliyekuwa mwalimu wa Yanga siku ile ya magoli matano ni Miguel Gamondi wa Argentina. Siku ile alisifiwa kila kona ya nchi. Msimu uliofuata alianza ligi kwa kushinda michezo yote minane ya kwanza, mmoja wapo dhidi ya Simba. Kisha tarehe 2 Novemba 2024 akafungwa na Azam goli 1 kwa 0, na tarehe 7 akafungwa na Tabora United magoli 3 kwa 1. Tarehe 15 mwezi ule Yanga ikaachana naye. Basi, mtu ambaye ushindi wake ulimwondoa mwenzake kazini, naye aliondolewa mwaka mmoja na siku kumi baada ya ushindi huo. Je, alikuwa amesahau kazi yake kwa juma moja? Ikiwa alisahau, mbona Novemba 2025 alikabidhiwa timu ya Taifa?

Jambo la tatu latoka mbali, lakini lafaa. Mwaka 2011 mtaalamu wa uchumi wa Uholanzi, Bas ter Weel, alichapisha uchunguzi wake juu ya ligi kuu ya nchi ile tangu 1986 hata 2004. Aliona kwamba timu zilizowaondoa walimu wao baada ya kufungwa-fungwa ziliinuka baadaye. Mashabiki wangesema, "Mwaona? Dawa imefaa." Lakini yeye alizitafuta pia timu zilizoanguka namna ile ile bila kumwondoa mtu. Nazo ziliinuka vivyo hivyo.

Wanafunzi wenzangu, jambo hili lisiwashangaze. Mtoto ambaye siku zote hupata alama 60 akapata 30 siku aliyokuwa na homa, mtihani ujao yaelekea atapanda, umchape au usimchape. Ukimchapa, utadhani ni fimbo iliyompandisha. Timu nayo hufukuza mwalimu siku ilipo chini kabisa, na aliye chini kabisa njia yake aghalabu ni kupanda.

Sisemi kwamba mwalimu halaumiwi kamwe. Yapo mambo yaliyo mikononi mwake: nani aanze, nani atoke, timu ishambulie au ijilinde, mazoezi yaweje, na nidhamu ishikwe vipi. Akiharibu hayo, astahili kuulizwa, na hata kuondolewa. Lakini fedha, usajili, majeraha, ratiba na nguvu ya mpinzani haviko mikononi mwake. Timu yetu ya hapa Songea, Majimaji, Wanalizombe wetu, ilishuka kutoka Ligi Kuu mwishoni mwa msimu wa 2017/18. Katika miaka mitatu iliyokaa huko kabla ya kushuka ilipitia mikono ya walimu kadhaa. Kama kubadili mwalimu kungekuwa dawa ya kila ugonjwa, Uwanja wa Majimaji ungekuwa bado unajaa kila juma. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Ikiwa chawa hakuvunjika, basi si haki kukikata kidole kimoja.

Sasa nalitaja deni langu. Mwaka jana timu ya shule yetu ilifungwa magoli 4 kwa 0 katika mashindano ya UMISSETA ya wilaya. Tulirudi bwenini tukiwa na hasira, na usiku ule tukakubaliana kwamba mwalimu aliyekuwa akitufundisha mpira ndiye aliyetuponza. Tuliandika barua kuomba abadilishwe. Kwa kuwa mwandiko wangu husomeka, mimi ndiye niliyeshika kalamu. Ombi letu lilikubaliwa. Mwalimu hakusema neno. Aliendelea kutufundisha darasani, lakini jioni hatukumwona tena uwanjani.

Mwaka huu, chini ya mwalimu mwingine, tulifungwa 3 kwa 0 katika mashindano yale yale.

Baada ya kutoka kwa kinyozi nilichukua daftari nikaandika yote niliyoyakumbuka ya mwaka jana, kama mtu anayelinganisha mashamba. Niliandika kwamba wachezaji wetu watano wa kutegemewa walikuwa wamemaliza Kidato cha Nne. Niliandika kwamba tulikuwa na mipira miwili, na mmoja ulikuwa ukivuja. Niliandika kwamba golikipa wetu alicheza akiwa ametoka kuugua malaria. Haya yote hayakuwa makosa ya mwalimu, na katika barua yetu hatukuyataja hata kidogo.

Kisha nikaandika jambo la mwisho, na hilo lilinichukua muda. Mimi nilikuwa beki wa kulia. Katika juma la mwisho kabla ya mashindano nilikosa mazoezi siku tatu, bila ugonjwa wala ruhusa. Katika magoli yale manne, mawili yalipita upande wangu. Mwandishi wa barua ya lawama alikuwa na sehemu yake katika lawama, naye aliiacha nje ya barua.

Kwa hiyo nawasihi wenzangu, na wazazi wetu pia, kwa maana hata matokeo ya mitihani hutafutiwa mtu wa kulaumiwa namna hii. Kabla ya kumnyoshea mtu kidole, tujiulize maswali matatu. Je, jambo lililoharibika lilikuwa mikononi mwake? Je, mwingine katika hali ile ile angefanya vizuri zaidi, na tunajuaje? Na je, sisi wenyewe tulifanya sehemu yetu? Swali la tatu ndilo gumu, na ndilo linalosahauliwa na wengi.

Juma lililopita nilikwenda ofisini kwa mwalimu wangu. Nilimwamkia, nikamweleza kwamba barua ile niliiandika mimi, na kwamba ilikuwa na upungufu. Alinisikiliza hata mwisho. Kisha akaniuliza, "Siku hizi unafika mazoezini?" Nikamjibu kwamba nafika. Akasema, "Vema," akaendelea kusahihisha madaftari.

Barua ya kwanza ilisomwa na watu wachache. Hii nimeomba ichapishwe, ili isomwe na wote.