Saratani ya Shingo ya Kizazi na Umbali wa Kigoma

Saratani ya shingo ya kizazi haina haraka. Husababishwa na virusi vya papiloma, viambukizwavyo kwa kujamiiana, na kwa kawaida hupita miaka 15 hadi 20 kabla haijajitokeza. Katika muda huo muuguzi aweza kuigundua dalili kwa siki tu: sehemu iliyoathirika hugeuka nyeupe, nayo huunguzwa au kugandishwa.

Msomaji atauliza: mbona basi huua? Mwanamke aanikaye dagaa Kibirizi hutegemea siku za giza la mwezi, wavuvi wavuapo kwa taa. Kuyaacha mapato hayo akapimwe, naye hajisikii mgonjwa, ni hasara. Damu ianzapo kumtoka, mara nyingi uvimbe umekwisha kuenea, na tiba ni mionzi. Mionzi yenyewe iko Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, takriban kilomita 1,250 kwa reli, tena kwa majuma kadhaa. Mwenye mshahara, au jamaa wa kumpokea huko, hufika. Asiye navyo hubaki Ujiji.

Chanjo ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018, kwa wasichana wa miaka 14. Mama zao haikuwakuta. Hao wangali wahitaji kupimwa.