Kabla ya tofali la kwanza

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, watumishi na wafanyabiashara wengi wamejipatia ekari mbili tatu Chamwino, Bahi au Kongwa, wakiwa na nia ya kuanzisha mji wao wenyewe: nyumba, banda la kuku, mboga za mwaka mzima na miti ya matunda. Kinachofuata baada ya kulipia shamba ni kilekile karibu kila mahali. Linaitwa trekta kusafisha vichaka, lori linashusha tofali, na msingi unachimbwa pale nyumba itakapoonekana vizuri kutoka barabarani. Mvua kubwa ya Desemba ikipiga, inaondoka na udongo wa juu, na kufikia Juni mwenye shamba ananunua maji ya boza.

Kongwa yenyewe iliwahi kulipia kosa hili kwa kiwango cha kutisha. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha huko mpango wao mkubwa wa karanga. Matingatinga yaling'oa vichaka kabla wakubwa wa mpango hawajajua mvua ya pale hunyeshaje, wala udongo wake ukikauka huwaje. Udongo huo wa mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu kama saruji, majembe yakavunjika, karanga zikakwama ardhini. Mpango ulifutwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza zaidi ya pauni milioni 30.

Kinyume cha mwendo huo ndicho kinachofundishwa na pamakacha (permaculture), mbinu ya kupanga makazi na shamba kwa pamoja, iliyopewa jina na Bill Mollison na David Holmgren wa Australia katika miaka ya 1970; kitabu chao cha kwanza kilitoka mwaka 1978. Kanuni zake ni nyingi, lakini kwa mwenye ekari zake Dodoma nitaishikilia moja: fedha na nguvu za msimu wa kwanza ziende kwenye kuyakamata maji ya mvua. Nyumba isubiri.

Hesabu yake ni nyepesi. Milimita moja ya mvua ikinyesha kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Sehemu kubwa ya Dodoma hupata kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Ekari moja ina mita za mraba 4,047. Kwa milimita 550, ekari hiyo hupokea zaidi ya lita milioni 2.2 kila mwaka. Taabu ni kwamba maji hayo huja kwa mafungu machache makubwa, yanakuta ardhi tupu iliyoganda, na yanapita mbio kuelekea korongoni. Februari jua linaporudi kwa wiki kadhaa, mahindi yananyauka juu ya ardhi ambayo mwezi mmoja nyuma ilikuwa imefurika.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kulisoma shamba, na wakati mzuri wa kulisoma ni mvua ikiwa inanyesha. Vaa buti, tembea. Angalia maji yanaingilia wapi, yanaongeza kasi wapi, yanatuama wapi, na njia gani ya ng'ombe imeanza kugeuka korongo. Waulize majirani wazee mafuriko makubwa yaliwahi kufika wapi. Kama shamba linapakana na mto, kumbuka kuwa Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni.

Kazi ya pili ni kupima usawa wa ardhi, na kifaa chake unakitengeneza mwenyewe. Chukua fito mbili zilizonyooka za mita 2, zifunge pamoja kileleni, zitanue miguu, kisha funga fito ya tatu katikati ili zikae mfano wa herufi A. Kutoka kileleni ning'iniza kamba yenye jiwe. Hiyo ndiyo timazi yako. Piga kigingi penye kila mguu na tia alama pale kamba inapokatiza fito ya katikati. Sasa geuza fremu, kila mguu ukae kwenye kigingi cha mwenzake, utie alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Kuanzia hapo tembea na fremu ukikatiza mteremko: kamba ikitulia kwenye alama ya kati, miguu iko kwenye usawa mmoja, piga kigingi, endelea. Mstari utakaopatikana utapindapinda kufuata ardhi. Asitokee mtu wa kuunyoosha ili upendeze, kwa sababu penye bonde la mstari ulionyooshwa ndipo maji yatakapokusanyika na kubomoa.

Juu ya mstari huo chimba makinga maji. Wakulima wa Machakos, Kenya, wana uzoefu mrefu wa fanya juu: mtaro wa takriban sentimita 60 kwa upana na kina, udongo wake ukirushwa upande wa juu wa mteremko na kupandwa majani ya kuushika. Anza na mstari wa juu kabisa wa shamba, maana ukianzia chini utapokea mzigo wa mteremko mzima. Acha pia mlango wa maji ya ziada uliotandikwa mawe. Tuta lisilo na mlango litajitafutia mlango lenyewe siku ya mvua kubwa.

Katikati ya matuta, kwa ajili ya nafaka, Dodoma ina mbinu yake: mashimo ya Chololo, yaliyopata jina kutokana na kijiji cha Chololo. Kila shimo lina upana wa kama sentimita 22 na kina cha 30. Ndani yake hutiwa majivu ya kufukuza mchwa, samadi na mabaki ya mazao, kisha udongo kidogo, ukiachwa mdomo wazi wa kupokea maji. Panda humo mtama au uwele kabla ya kufikiria mahindi.

Trekta la kusafisha vichaka halihitajiki. Visiki vingi unavyoviona vina mizizi hai, na kampeni ya Kisiki Hai ya LEAD Foundation na Justdiggit imewafundisha wakulima wengi wa mkoa huo kuvichagulia machipukizi machache yenye nguvu, kupogoa mengine na kuyalinda yaliyobaki dhidi ya mifugo. Mti wa namna hiyo hukua upesi kuliko mche wa kununua kwa sababu mizizi tayari iko chini. Ukikuta mkababu, mshukuru Mungu: mti huu hupukutisha majani wakati wa masika, hivyo hauyanyimi jua mazao yaliyo chini yake.

Nyumba sasa. Isikae bondeni wala kileleni, ikae juu ya bustani ili maji ya kuoga na kufulia yateremke yenyewe hadi kwenye shimo la migomba na mipapai. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, fupi zipokee jua la asubuhi na la jioni. Choo kiwe upande wa magharibi, kwa kuwa upepo wa Dodoma huvuma zaidi kutoka mashariki, na kiwe mbali na kisima. Paa la mita za mraba 60 lenye gata nzuri hukusanya kama lita 26,000 kwa mwaka, ukiondoa zinazopotea. Familia ya watu watano inayotumia lita 20 kila mtu kwa siku inahitaji lita 21,000 hivi kuanzia Mei hadi Novemba. Maji ya nyumbani ya kiangazi yanatosha, kama yote yatahifadhiwa. Ya bustani hayamo humo.

Vingine vipangwe kwa kuhesabu nyayo. Mchicha na nyanya unazichuma kila siku, basi zikae hatua chache kutoka jikoni. Kuku wafuate. Nafaka mbele zaidi, kuni na malisho mwisho. Wachagga wamelifanya hili kwenye vihamba vya Kilimanjaro kwa vizazi vingi: ng'ombe zizini, migomba na kahawa nje ya mlango, maharage na magimbi chini, miti mirefu juu. Usichukue kahawa yao ukaileta Bahi, mvua haifanani. Chukua mpangilio wao.

Hakuna mbinu itakayoleta mvua, na kuchimba kunachosha. Lakini fedha zikitosha kitu kimoja tu mwaka huu, lipa vibarua wa mitaro. Simtanki ya lita 5,000 ni msaada, ila haitoshi hata robo ya mahitaji ya nyumbani ya kiangazi, wakati udongo uliozuiwa na kufunikwa matandazo unaweza kushika mamia ya maelfu ya lita na hauuzwi dukani. Simtanki na tofali vitakuwepo hata mwakani. Udongo wa juu ukishaingia korongoni haurudi.